Mkono wa Albertine Haupandi Bure

Kwetu Maniema mtu husema "ndiyo" kabla ya kuelewa. Muuguzi anaeleza namna ya kunywa dawa, mgonjwa anaitikia ndiyo, ndiyo, kisha anafika nyumbani na kumuuliza jirani. Tunadhani ni adabu. Mimi naiita uongo, tena uongo wa kivivu, maana mwenye kuusema hajapata hata taabu ya kuutunga. Albertine Mauwa hakuwa na tabia hiyo, na kwa sababu hiyo namwandika.

Alizaliwa kijijini upande wa Wamaza, katika ukoo wa walimaji. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mkatoliki. Nyumbani walisema Kibangubangu, sokoni Kiswahili, na binti alipelekwa kwa masista kusoma. Alipokuwa msichana aliyemaliza shule, misheni ya Kabambare ilikuwa ikitafuta mtu wa kukaa kwenye foni, ikamchukua yeye. Vijana wa leo hawaijui. Ilikuwa redio ya kutuma na kupokea sauti, yenye waya mrefu uliofungwa kwenye miti miwili, na kabla ya simu za mkononi kufika ndiyo iliyobeba habari zote za nchi hii: mgonjwa anahitaji damu, lori limezama kwenye tope, padri anafika kesho, fulani amejifungua salama.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja. Mwenye kupokea ujumbe anaurudia wote. Mwenye kutuma anasikiliza. Kama ni sawa anasema sawa, na hapo tu mpokeaji anaruhusiwa kusema "nimepokea." Kabla ya neno hilo ujumbe haujafika, hata kama umesikika. Wenzake wengi waliifuata sheria hiyo siku ya hewa nzuri na kuisahau siku ya ngurumo. Albertine aliifuata siku zote, na watu walimwona mgumu.

Siku moja ya mvua watu wa foni ya Nyangwe, kando ya mto mkubwa, waliita. Sauti ilikatika katika ngurumo, likasikika jina la mfanyabiashara wa samaki ambaye ndugu zake walikaa Kabambare, kisha kelele tupu. Ndugu walikuwa wamesimama nje ya dirisha, kwa sababu walijua amesafiri na mtumbwi na mto ulikuwa umejaa. Waliposikia jina, wanawake walianza kufungua vilemba na kulia. Albertine alitoka akasimama mlangoni.

"Mungojee kwanza," akawaambia. "Nimesikia jina. Habari yenyewe haijafika."

"Mama, mutu akiitwa jina lake namna hii, habari ni gani ingine?"

"Sijui. Na weye haujui. Funga kilemba."

Walimtukana. Mzee mmoja alimwambia ana moyo wa jiwe. Alirudi ndani akaita Nyangwe, akaita tena, akaita mpaka mvua ilipopungua, na hatimaye Nyangwe wakarudia ujumbe mzima: mtu huyo amefika, ameuza samaki wote, anaomba wamtumie chumvi na nyavu. Waliolia walicheka wakasahau. Albertine hakucheka nao, kwa kuwa aliona jinsi walivyokuwa karibu kumzika mtu aliye hai kwa uvivu wa kusubiri.

Kisha minara ya simu ilifika na foni ikanyamaza. Misheni ilimshukuru vizuri, kwa misa na kitambaa. Akahamia Kasongo, katika nyumba ya marehemu kaka yake, akaishi na wifi yake Rehema, wakauza mawese pamoja. Hawakulala njaa. Lakini siku moja, wakichuja mafuta, alimwambia Rehema jambo ambalo Rehema alinisimulia mwenyewe: "Wifi, tangu foni inyamaze, hakuna mutu anangoja neno langu."

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Alikuwa fundi wa kazi iliyokufa, na bado alikuwa na nguvu za kuifanya.

Kriketi ilifika Kasongo kwa njia ambayo michezo hufika, yaani na mtu aliyerudi kutoka mbali. Mwalimu Faradji alikulia Uganda katika makazi ya wakimbizi, na shuleni huko alifundishwa kupiga mpira kwa ubao. Aliporudi kufundisha akawafundisha vijana wa Kasongo. Wafanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila, ambao miongoni mwao wapo waliopita Uganda na Tanzania, wakaunda timu yao, na kapiteni wao alikuwa Mugisho, mtu wa upande wa Bukavu, mcheshi mwenye mikono mipana.

Kwa asiyeujua mchezo huo nitasema machache. Timu moja inapiga na kukusanya mbio, nyingine inarusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji. Mpira ukigusa kamba inayozunguka kiwanja baada ya kudunda, ni mbio nne. Ukiivuka bila kudunda, ni sita. Mirusho sita inaitwa duru. Timu ya kwanza ikimaliza, ya pili inajaribu kuipita. Na mwamuzi hasemi kwa mdomo. Anaonyesha kwa mikono, na anayehesabu mbio kando ya kiwanja lazima anyanyue mkono wake kumjibu kwamba ameona. Mkono huo usiponyanyuka, mrusho unaofuata hauanzi.

Mwanzoni mbio ziliandikwa kwa chaki, na kila mechi iliisha kwa ugomvi. Halafu Mhindi mmoja wa Kigoma, aliyezoea kununua mchele wa huku, aliwapa Mugisho na wenzake tablo ya umeme ambayo hakuwa na kazi nayo tena. Ilivuka ziwa, ikapanda lori, na sehemu ya mwisho ikafungwa juu ya pikipiki mbili. Ilikuwa na namba nyekundu kubwa za kuwaka: mbio, waliotolewa, duru, na lengo la timu ya pili. Haikuwa na waya kati yake na mwenye kuiongoza. Aliyeiongoza alikaa mbali na telekomande yenye vifungo na antena fupi. Timu zote mbili zilikubaliana kwamba ni mali yao pamoja, na kwamba kila mwenyeji wa mechi atamchagua wa kuishika.

Prezida wa kamati ya michezo ya Kasongo alikuwa Alain, mwenye duka la saruji. Yeye alimtaka mpwa wake Serge. Lakini tablo iligoma kuonyesha namba zenye maana. Faradji na Serge walikaa nayo uani kwa Faradji, wakibonyeza na kusoma kijitabu cha Kiingereza, na tablo ikaonyesha vistari tu. Albertine alifika kuleta mawese. Aliweka bidoni ya mafuta chini akatazama.

"Mwalimu, hiki kidogo kinatuma?"

"Kinatuma, mama."

"Na kile kikubwa kinapokea."

"Kinapokea."

"Kikishapokea, kinajibu na nini?"

Faradji hakuwa amejiuliza swali hilo. Alirudi kwenye kijitabu, akapekua, akakuta aya aliyoiruka: pembeni ya telekomande kuna taa ndogo, ikiwaka kijani tablo imejibu, ikiwaka nyekundu tablo haijasikia. Na juu ya aya hiyo kulikuwa na mpangilio wa kuwasha, ambao walikuwa wameugeuza. Inaunganishwa batri kwanza, ndipo tablo inawashwa. Mtu anasubiri mpaka tablo ijipime yenyewe kwa kuwasha nane kila mahali, halafu vistari. Telekomande inawashwa baadaye, na gurudumu dogo lenye namba upande wake lazima lilingane na lile lililo nyuma ya tablo. Mwisho unabonyeza kifungo cha kuunganisha na kukishikilia mpaka kijani.

"Ni foni," Albertine akasema. "Wameivalisha nguo ingine."

Faradji alimfundisha mchezo, naye akakata vipande vya sparadra, plasta ya kufungia vidonda, akavibandika juu ya maneno ya Kiingereza na kuandika kwa kalamu: MBIO, NJE, DURU, LENGO, PUNGUZA. Alijifunza kwamba antena lazima isimame wima na kwamba pikipiki ikiegeshwa mbele ya tablo inaisumbua. Alijifunza kubonyeza bila kutazama vidole, akitazama taa. Serge alichoka na kwenda zake, si kwa ubaya; alipenda zaidi kucheza kuliko kuhesabu.

Alain hakufurahi. "Mama Albertine ni mutu ya Kabambare," alisema mbele ya kamati. "Salamabila iko Kabambare. Munaona vile itakuwa?"

"Prezida, mafuta unayokula nyumbani kwako yanatoka Kabambare," Albertine akamjibu. "Hayajakugeuza."

Watu wakacheka, na Alain akalazimika kucheka pia. Kisha akaweka sharti mbele ya wote: mechi moja. Akifanya kazi vizuri, telekomande itakuwa mkononi mwake katika kila mechi ya Kasongo. Akiharibu, anapewa Serge na maneno yanaisha. Albertine alikubali bila kuomba muda. Rehema alimwuliza usiku ule kama hana wasiwasi. Alijibu kwamba wasiwasi ni wa mtu asiyejua kazi.

Mechi ilikuwa dhidi ya Salamabila, kwenye uwanja wa Kasongo, na mimi nilikuwapo. Tablo ilisimamishwa juu ya miguu ya chuma, mgongo kwa jua ili namba zisomeke. Nyuma yake kulikuwa na meza, batri kubwa na sahani ya jua ya kuilisha. Albertine alikaa ng'ambo, chini ya turubai, karibu na meza ya wageni wa heshima, antena wima, kitambaa cha misheni kiunoni. Faradji alikuwa mwamuzi. Alipoonyesha alama ya kwanza, Albertine alibonyeza, akangoja kijani, akainua mkono ulionyooka kabisa kama mtu anayeapa. Watu walishangilia namba ilipobadilika. Namba ya waliotolewa ilipopanda walishangilia vilevile, wakidhani kila kinachopanda ni kizuri, mpaka walipogundua kwamba wanawapigia makofi vijana wao wanaotolewa.

Kasongo walipata mbio mia moja na kumi na mbili. Albertine akaweka lengo: mia moja na kumi na tatu.

Hapo katikati, wakati timu zinabadilishana, kosa lilifanyika, na sitalificha kwa sababu nampenda aliyelifanya. Rehema alimjia na simu yake.

"Wifi, imezimika. Binti yangu anajifungua Kindu, wataniita leo. Iko na batri kubwa pale."

"Ile batri ni ya tablo."

"Simu moja tu. Kwani itakunywa yote?"

Kwetu kumnyima mtu umeme ni kama kumnyima maji. Mwenye batri nyumbani kwake hana mlango, anayepita huchomeka. Albertine alijua hesabu ya batri ile kuliko mtu yeyote, na moyo wake ulimwambia hapana, lakini alikuwa wifi yake na mtoto alikuwa njiani. Alikubali. Katika siku ile yote, hapo tu alisema ndiyo isiyokuwa ndiyo.

Rehema alipochomeka, aliyekuwa karibu aliona. Alichomeka na yeye. Mtu wa tatu alikuja na kigawanyaji chenye matundu mengi. Alain akawaelekeza wageni wake huko, kwa ukarimu, akiwaambia Kasongo haikosi umeme. Baadaye akaja mwenye kipaza sauti cha muziki. Ilipofika duru za mwisho, nyuma ya tablo palikuwa na waya kama kiota cha ndege, na wingu lilikuwa limefunika sahani ya jua.

Salamabila walipiga vizuri. Ilipobaki mirusho miwili tu, tablo ilionyesha mia moja na sita. Mugisho mwenyewe ndiye aliyekuwa na ubao. Mpira ukaja, akaupiga chini chini kati ya walinzi wawili, ukakimbia kwenye nyasi mpaka ukagusa kamba. Nne. Faradji akapunga mkono wake kushoto na kulia, alama ya nne.

Albertine alibonyeza. Taa ikawaka nyekundu.

Alibonyeza tena. Nyekundu. Akatazama ng'ambo: namba kwenye tablo bado zilikuwa zinawaka, lakini kwa unyonge, na zilikuwa zimeganda kwenye mia moja na sita.

Msomaji afuate hesabu, maana ndiyo kiini cha yote. Kweli ilikuwa mia moja na kumi, na Salamabila walihitaji tatu kwa mrusho mmoja uliobaki. Hilo linawezekana. Lakini tablo ilisema wanahitaji saba, na hakuna mrusho unaotoa zaidi ya sita. Kwa hiyo watu wa Kasongo, ambao walikuwa wamejifunza kusoma tablo siku ileile na kujivunia kuisoma, waliona mechi imekwisha. Walianza kuimba. Wengine waliingia kiwanjani. Mugisho naye aliitazama tablo, akajishuku mwenyewe, akaegemeza ubao wake kwenye mguu na kuanza kuvua glavu.

Faradji alikuwa bado anapunga mkono, akimtazama Albertine. Albertine alikuwa ameweka mkono wake mezani.

Alain aliinuka kutoka kwenye viti vya heshima. "Mama, arbitri anakuangalia. Pandisha mukono."

"Bado."

"Uliona alama ao haukuona?"

"Niliona. Tablo haijaona."

"Arbitri anajua ni ngapi. Atahesabu yeye. Pandisha, watupe ule mupira wa mwisho, tumalize."

"Prezida," Albertine akasema bila kuinua sauti, "arbitri anajua, mimi najua, na weye unajua. Hawa watu wote hawajui. Mugisho mwenyewe hajui. Akipiga tatu sasa, hapa itakuwa vita."

Alain aliinama karibu naye. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nilisikia. "Nilisema mechi moja. Kama huo mukono haupande, hiyo telekomande hautaigusa tena."

"Nimesikia, Prezida. Hiyo umeisema vizuri, imefika."

Lakini mkono ulibaki mezani. Uwanja mzima ulianza kumgeukia. Walioimba walinyamaza ili wapate nafasi ya kutukana.

"Damu ya Kabambare iko inamuita," mtu mmoja akapiga kelele.

"Amelala huyo. Mumuletee kahawa."

"Mama, mukono umekufa?"

"Mukono iko muzima," Albertine akawajibu. "Tablo ndiyo iko na njaa. Wa simu, toeni simu zenu."

Wakati huo ndipo watu walipotazama nyuma ya tablo. Hakuna aliyesogea. Kila mmoja aliona simu za wenzake ndizo nyingi. Kijana mwenye kipaza sauti alisema chake hakinywi sana. Mgeni mmoja wa heshima alisema yake imefika nusu tu, wangoje kidogo. Faradji alisimama katikati ya kiwanja, mkono wake sasa umeshuka, na nitampa haki yake: hakumwita, hakumharakisha, hakuanzisha mrusho. Yeye ndiye aliyewafundisha sheria, na aliisubiri kama anavyomsubiri mwanafunzi.

Aliyetoka ni Rehema. Alipita mbele ya watu wote, mwanamke mzito asiyependa kutazamwa, akafika nyuma ya tablo, akachomoa simu yake na kuinyanyua juu waione.

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema. "Mujukuu wangu atangoja. Sasa yenu."

Baada ya hapo ilikuwa aibu kubaki. Waya zilichomolewa moja baada ya nyingine, mgeni wa heshima akiwa wa mwisho. Albertine alivuka kiwanja na telekomande mkononi. Hakukimbia. Alizima tablo na namba zikafa, na watu wakaguna, kwa kuwa walidhani mbio zao zimepotea. Alisubiri. Aliwasha. Nane ziliwaka kila mahali, zikang'aa kama mwanzo, vikaja vistari. Aliwasha telekomande, akashikilia kifungo. Kijani. Kisha akaingiza kila kitu upya kutoka kichwani, akisema kwa sauti ili Faradji asikie na kurudia: lengo, mia moja na kumi na tatu, waliotolewa, wanane, duru, zote isipokuwa mrusho mmoja, mbio, mia moja na kumi.

"Mia moja na kumi," Faradji akarudia.

"Sawa," akasema Albertine.

Ile namba ilipowaka, kelele za Kasongo zilikatika kama mtu aliyemwagiwa maji. Mugisho aliisoma, akacheka peke yake, akavaa glavu zake. Walioingia kiwanjani walitoka wenyewe. Albertine alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akamtazama Faradji, na ndipo mkono wake ulipopanda.

Mrusho wa mwisho Mugisho aliupiga hewani juu ya kichwa cha mlinzi. Ulidunda mara moja na kugusa kamba. Nne. Salamabila walirukiana. Albertine alibonyeza, akangoja kijani, tablo ikasema mia moja na kumi na nne, na katika zogo lile ambalo hakuna aliyekuwa akimtazama tena aliinua mkono wake kwa mara ya mwisho, umenyooka. Faradji peke yake aliuona, akatikisa kichwa kumkubali.

Hapakuwa na vita. Watu wa Kasongo walikasirika, lakini walijua wamefungwa na ubao wa Mugisho, si na mtu mwingine. Mtu hupigana anapodanganywa. Akishindwa machoni pake mwenyewe hurudi nyumbani.

Alain alitimiza neno lake. Alinyoosha mkono, na Albertine akampa telekomande ikiwa imezimwa, antena imekunjwa, sparadra zote mahali pake. "Batri isichomekwe kitu kingine," akamwambia. "Hata kimoja. Leo nilikubali kimoja." Akakunja kitambaa chake akaondoka na wifi yake. Binti wa Kindu alijifungua mtoto wa kike saa zilezile, na waliipata habari kwa simu ya jirani.

Nilimkuta sokoni siku zilizofuata, nikamwuliza kama anajuta. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama anajuta kuvaa viatu. "Najuta ile simu," akasema. "Mukono sijuti."

Mechi ya marudiano ilikuwa Salamabila, na huko mwenyeji ndiye anayechagua. Mugisho alifika Kasongo na wenzake kwa pikipiki tatu, akapita dukani kwa Alain kuchukua tablo na telekomande, kisha akaja moja kwa moja kwenye meza ya mawese.

"Mama, tunakuja kukuchukua."

"Juu ya nini? Juu niliwapa ushindi?"

"Ushindi nilijipa mimi, usininyang'anye," akasema Mugisho. "Tunakutaka juu haukutupa."

Alikwenda. Timu ya Kasongo ilisafiri pia, na Alain pamoja nao, nami nikiwa miongoni mwao, tukiwa na vumbi la njia nzima mdomoni. Salamabila walikuwa wameandaa sherehe kubwa, mbuzi na ngoma na maspika marefu kuliko mtu. Albertine alipanga kila kitu kwa utaratibu wake. Nane ziliwaka, vistari vikaja, kijani kikawaka. Kasongo ndio walioanza kupiga. Mpira wa tatu ulifika kwenye kamba, Faradji akapunga mkono, na Albertine akabonyeza.

Taa ilikuwa ya kijani. Lakini alikuwa ameona kwa pembe ya jicho kijana wa maspika akiinama nyuma ya tablo na waya mkononi.

Mkono ukabaki mezani.

"Mama," Mugisho akamwita kutoka uwanjani, "sisi ndio tulikuita hapa."

"Ndiyo. Basi musikie. Ule waya utoke."

Kijana wa maspika alisema ni wimbo mmoja tu. Watu wa Salamabila walianza kunung'unika, na wawili watatu wakaanza kutafuta maneno ya mwanamke huyu aliyeletwa kwa pikipiki yao ili awaamuru kwao. Ndipo sauti ya Alain ikatoka katikati ya mashabiki wa Kasongo, nzito, ya mtu aliyeona uwanja wake mwenyewe ukiponea vita kwa mkono ule.

"Kijana, toa huo waya. Musipoteze muda. Huyu mama nilimujaribu mimi mwenyewe. Mukono wake haupandi bure."

Waya ukatoka. Albertine aliitazama tablo, akaitazama taa, akamtazama Faradji ng'ambo ya nyasi. Kisha akainua mkono, na mrusho wa nne ukaanza.